Ampea Hupangwa Mwisho: Mwongozo kwa Fundi wa Jumba la Elektrolisisi

Katika viwanda vya shaba vya mkoa wa Lualaba, Kongo, kuanzia Luilu pale Kolwezi hadi Fungurume, swali la kila asubuhi ni lilelile: tani ngapi? Na kitu kilicho karibu zaidi na mkono wa fundi wa zamu ni kitufe cha rektifaya, ile mashine inayogeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu na kuusukuma kwenye seli. Tani zikipungua, kijana humfuata mkubwa wake: "Papa shefu, tuongeze ampea?" Mara nyingi jibu linalofaa ni "Bado." Hapa nitaeleza kwa nini bado, na mambo gani uyapange kwanza kabla hujagusa kitufe hicho.

Msimamo wangu ni kwamba ampea hupangwa mwisho. Kasi ya shaba kujilaza kwenye bamba inaonekana kuwa kazi ya umeme peke yake, lakini mpaka wa kasi hiyo huwekwa na mmumunyo: una shaba kiasi gani, shaba hiyo inafikaje usoni pa bamba, joto ni kiasi gani, na uchafu gani umeingia humo. Anayeanza na ampea atapata tani leo, na wiki ijayo atapata mabamba yenye vinundu, shoti zisizokwisha na shaba ambayo mnunuzi anaikata bei.

Nazungumzia viwanda vinavyokamua shaba kutoka mmumunyo wa asidi ya salfuri, kama vilivyo vingi vinavyotumia madini ya oksidi katika ukanda huu. Watu wa mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, njia yao ni tanuru, kwa hiyo haya hayawahusu sana. Kazi yenyewe ni ya zamani kwetu. Kiwanda cha Shituru pale Likasi kilianza elektrolisisi mwaka 1929, wakati wa kampuni ya Union Minière, na Luilu ikafuata mwaka 1960. Mabamba, rektifaya na vipimo vimebadilika tangu wakati huo, lakini namna shaba inavyojilaza ni ileile.

Anza na hesabu

Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha metali kinachojilaza hulingana na umeme uliopita. Kwa shaba, kila ampea moja ikipita kwa saa moja inalaza gramu 1.185. Namba hii ikae kichwani mwako, maana ndiyo itakayokuambia kila siku kama seli zako zinakula umeme bure.

Chukua seli yenye kathodi 60, na kila kathodi ina mita moja ya mraba iliyozama kila upande. Eneo lote ni mita za mraba 120. Ukiweka ampea 36,000, kila mita ya mraba inapata ampea 300, kiwango cha kawaida katika viwanda vingi vya leo. Kwa saa 24 hesabu inatoa kilo 1,024 za shaba. Lakini hakuna seli inayofanya kazi kwa asilimia 100. Ufanisi wa mkondo ukiwa asilimia 92, unapata kilo 942 kwa seli kwa siku, na baada ya siku saba kila kathodi itakuwa imebeba karibu kilo 110, yaani kilo 55 kila upande. Kwa unene, ni kama milimita 0.88 kwa siku, au milimita sita kwa wiki.

Sasa nenda kwenye mizani. Ukipima mabamba ya siku saba ukakuta upande mmoja una kilo 48 badala ya 55, rektifaya haina kosa. Ampea zilipita zote, na wewe unazilipia. Zimekwenda kwingine: kwenye shoti, kwenye chuma kilichoyeyuka ndani ya mmumunyo, au kwenye mabamba ya jirani yaliyobeba zaidi ya haki yao. Kuongeza ampea hapo ni kuongeza hasara.

Uzito wa hasara hiyo unaonekana kwenye umeme. Chukua volti za seli moja, zigawe kwa 1.185 mara ufanisi, utapata kilowati-saa kwa kilo. Volti 2.0 na ufanisi wa asilimia 92 zinatoa kilowati-saa 1,834 kwa tani. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 85, tani hiyohiyo inakula kilowati-saa 1,985. Jumba la seli 100 kama ile ya mfano wetu hutoa tani 94 kwa siku, na tofauti hiyo inafika kilowati-saa 14,000 kila siku. Katika mkoa ambao umeme ni wa kugombania, hiyo si hesabu ndogo.

Kile ambacho bamba linaweza kupokea

Ampea hazibebi shaba kutoka katikati ya seli. Zinaigeuza tu kuwa metali ikishafika usoni pa kathodi. Pale usoni pana tabaka jembamba la mmumunyo, sehemu ndogo ya milimita, ambalo halitembei pamoja na mmumunyo mwingine. Shaba lazima ipenye humo polepole. Ni kama mtaa wenye bomba moja la maji: hata ukileta madumu mia, maji yanatoka kwa kadiri ya bomba.

Ukivuta ampea zaidi ya kile kinachoweza kupenya, shaba usoni inaelekea sifuri. Hapo metali inaacha kujilaza laini na kushikamana. Inakuwa unga wa kahawia au mweusi, au inaota matawi kuelekea anodi. Mpaka huo unaitwa mkondo wa kikomo. Kwa mmumunyo wenye gramu 40 za shaba kwa lita, wenye joto na unaotembea vizuri, makadirio yake ni kama ampea 800 kwa mita ya mraba. Utauliza kwa nini basi tufanye kazi kwa 300. Sababu ni kwamba makadirio hayo ni ya bamba la wastani, na ndani ya seli hakuna bamba la wastani. Kuna pembe ambako mmumunyo haufiki vizuri, na kuna bamba linalobeba ampea za wenzake wawili. Kaa chini ya nusu ya kikomo, na ikiwezekana chini ya asilimia 40.

Mambo matatu husogeza kikomo hicho, na yote matatu huja kabla ya rektifaya.

La kwanza ni shaba yenyewe. Mmumunyo unaoingia kwenye seli uwe na gramu 40 hadi 50 kwa lita, na unaotoka usishuke chini ya 35. Ukikuta 30 kwenye mmumunyo unaotoka, usiongeze chochote, punguza ampea kwanza kisha utafute sababu. Mara nyingi sababu iko juu ya mto, kule ambako oganiki, yale mafuta ya kiwandani, inachota shaba: mtiririko umepungua, au mmumunyo unaotoka kwenye madini una shaba kidogo kuliko jana.

La pili ni mtiririko. Rudi kwenye seli yetu ya kilo 942 kwa siku. Hizo ni kilo 39 kwa saa. Ukiilisha mita za ujazo 12 kwa saa, shaba inashuka gramu 3.3 kwa kila lita kati ya kuingia na kutoka, na asidi inapanda gramu 5 kwa lita, kwa sababu kila kilo ya shaba inayojilaza huacha kilo 1.54 za asidi nyuma yake. Pima hivyo kwenye seli mbili tatu kila zamu. Seli ambayo shaba inashuka gramu 6 wakati jirani zake zinashuka 3 ina bomba lililoziba matundu, hata kama mita kuu ya mtiririko inasema mambo ni shwari. Mita kuu inajua kinachoingia jumbani tu, haijui kila seli inapata nini.

La tatu ni joto. Nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi ni mahali pazuri. Juu ya hapo ukungu wa asidi unaongezeka na oganiki iliyobaki inaanza kuruka hewani, na chini ya 40 shaba huwa ngumu kutawala na uso wake unakuwa mkavu na wa chembechembe. Watu wa nje hudhani Kongo yote ni joto. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ni ya kweli. Vibadilisha-joto vilivyotosha Oktoba havitoshi Julai saa kumi alfajiri. Katika miezi hiyo pima joto la mmumunyo unaoingia kwenye seli ya mwisho ya mstari, wala usitosheke na lile la tangini.

Mabamba hayagawani sawa

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Seli zote za mstari mmoja zimefungwa mfululizo. Mkondo unaopita seli ya kwanza ndio huohuo unaopita ya mwisho, na huwezi kupunguza ampea za seli moja mbaya peke yake. Lakini ndani ya seli, kathodi zote 60 ziko sambamba, na umeme unachagua njia nyepesi. Kathodi ambayo ncha yake imekaa kwenye chumvi ya salfeti badala ya shaba safi inapata kidogo. Jirani yake iliyokaa vizuri inapokea kilichokataliwa. Kwenye karatasi umepanga 300, huku bamba moja linafanya kazi kwa 180 na lingine kwa 420. Lile la 420 ndilo litakalootesha vinundu, ndilo litakalogusa anodi, na shoti ikitokea litavuta ampea zaidi bado.

Kwa hiyo kabla ya kupanga ampea, panga miguso. Kila mara kathodi zinapotolewa, baa ya mguso ioshwe kwa maji moto na isuguliwe hadi rangi ya shaba ionekane. Inachukua dakika chache, na ni kazi inayorukwa sana zamu inapochelewa. Simama mwenyewe uitazame ikifanywa. Chumvi ya buluu iliyokauka kwenye baa, hata nyembamba kama karatasi, inazuia umeme kuliko unavyofikiri.

Kisha nafasi. Anodi na kathodi zikae katikati kabisa ya nafasi zao. Bamba la stenlesi lililopinda hata sentimita moja limeshaleta uso wake karibu na anodi, na umeme utapita pale kwa wingi. Mabamba yaliyopinda yasirudishwe selini kwa sababu "leo tuna upungufu." Yapelekwe kunyooshwa. Plastiki za ukingoni zilizolegea nazo zitolewe, maana shaba ikishapita nyuma ya plastiki na kuunganisha pande mbili, mashine ya kubandua italirarua bamba lote.

Kutafuta shoti ni kazi ya kila zamu. Ukitumia kipimo cha sumaku, tembea juu ya seli polepole na uangalie sindano inavyoruka juu ya kila ncha. Ukiwa na kamera ya joto, kathodi yenye shoti itang'aa kati ya wenzake. Kipima-volti cha mkononi nacho kinasema mengi: seli za jirani zina volti 2.0, moja ina 1.8, basi humo kuna shoti moja au zaidi. Ikiwa na 2.3, tafuta mguso mbaya au usawa wa mmumunyo ulioshuka. Ukipata shoti, nyanyua kathodi, gonga kinundu kitoke, irudishe. Usiinyanyue ukaiacha nje. Kila kathodi iliyo nje inawabebesha wenzake mzigo wake: ukitoa tatu kati ya 60, kila mita ya mraba iliyobaki inapanda kutoka ampea 300 hadi 316 bila wewe kugusa kitufe.

Hesabu hiyo inakuwa kali zaidi wakati wa mavuno. Viwanda vingi hutoa theluthi moja ya kathodi kwa mkupuo mmoja huku umeme ukiendelea. Kwa dakika zile, theluthi mbili zilizobaki zinabeba mara moja na nusu, yaani ampea 450 kwa mita ya mraba badala ya 300. Kwa dakika kumi shaba inavumilia. Kreni ikikwama na dakika zikawa arobaini, utaona matokeo yake kwenye mabamba yale wiki inayofuata. Ukijua kreni ina tatizo, punguza ampea kwa theluthi kabla ya kunyanyua, na kama kreni haiaminiki kabisa, usianze kunyanyua.

Saa za kwanza za bamba jipya

Bamba la stenlesi linaloingia tupu lina uso ambao shaba haijaufahamu bado. Chembe za kwanza za shaba zikianza nyingi na ndogo, zinaungana haraka kuwa utando mmoja mwembamba, na kila kinachojilaza juu yake kitafuata umbo hilo. Zikianza chache na kubwa, utando una mapengo, na mapengo yanakuwa matundu, yanayobeba mmumunyo ndani ya shaba na kupandisha salfa.

Mambo yanayotawala utando huo ni usafi wa bamba, joto la mmumunyo, na kutoshtua. Bamba liingie likiwa limeoshwa, bila nta wala mafuta ya oganiki. Madoa ya kahawia yanayojitokeza sehemu ya juu ya mabamba ya jumba zima, shaba ikiwa laini kama unga mahali pale, ni dalili ya oganiki iliyovuka na mmumunyo. Angalia vichujio kabla ya kulaumu umeme. Ukianzisha mstari mzima uliokuwa umesimama, panda kwa hatua: anza na theluthi moja ya ampea, ngoja seli zote zionyeshe volti zinazofanana, ongeza hadi theluthi mbili, ngoja tena, kisha fika kwenye kiwango. Saa mbili unazotumia hapo unazirudishiwa kwenye mashine ya kubandua, shaba inapotoka kwa pigo moja.

Mafundi wanaopaka utando wa metali kwa mvuke wana fuwele ya kwatzi inayowaambia kasi papo hapo, sekunde kwa sekunde. Sisi hatuna kitu kama hicho. Jibu letu kamili linakuja baada ya siku saba, mizanini. Ndiyo maana usiwinde namba kwa kugeuza kitufe kila saa: utakuwa unajibu kosa la juzi kwa mpangilio wa leo.

Umeme ukikatika

Mara nyingi miongozo ya kigeni hailipi jambo hili uzito tunaouhitaji hapa. Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, ya kilomita 1,700 hivi, iliwashwa mwaka 1982 ili kulisha migodi ya kusini, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yapo karibu zaidi. Hata hivyo fundi yeyote wa Lualaba anajua kukatika kwa umeme ni sehemu ya kazi, na kwamba jenereta za dizeli si pambo.

Anodi ya risasi inalindwa na ngozi ya dioksidi ya risasi, nyeusi ya kahawia, iliyojengwa na mkondo wenyewe. Mkondo ukisimama, ngozi hiyo pamoja na risasi iliyo chini yake na asidi vinaanza kugeuka salfeti ya risasi. Popote palipo na njia ya umeme kurudi, shoti ikiwemo, seli inafanya kazi kama betri na shaba inayeyuka kurudi ilikotoka. Weka kipima-volti kwenye seli dakika chache baada ya umeme kukatika na utaona karibu volti 1.3: hiyo ndiyo nguvu ya ngozi ya anodi dhidi ya shaba. Umeme ukirudi kwa ghafla, ngozi inajengwa upya juu ya salfeti iliyolegea, inabanduka kwa maganda, na maganda yanaelea hadi kwenye kathodi.

Kiwango cha kathodi za daraja A katika Soko la Metali la London kinaruhusu risasi isiyozidi sehemu 5 kwa milioni. Katika bamba moja la kilo 55 hiyo ni chini ya theluthi moja ya gramu. Ganda moja dogo la anodi likinaswa ndani ya shaba linatosha kulishusha bamba lote.

Basi panga hivi mapema. Kuwe na rektifaya ndogo ya akiba, inayolishwa na jenereta, ya kushikilia mkondo mdogo kwenye mstari. Haihitaji kulaza shaba ya maana, inahitaji tu kuishinda ile betri. Kwa kila seli lazima ipite volti 1.35, kwa hiyo seli 100 za mfululizo zinahitaji zaidi ya volti 135, na kwa vitendo zaidi ya hapo kwa sababu oksijeni inayotoka kwenye anodi nayo inadai yake. Wengi hununua rektifaya ya akiba yenye ampea za kutosha na volti pungufu, kisha wanashangaa kwamba haisukumi chochote. Ijaribu kila mwezi, mstari ukiwa umejaa.

Umeme wa kawaida ukirudi, usikimbilie ampea. Pampu kwanza. Mtiririko ufike kwenye seli zote, joto lipande angalau hadi 40, shoti zilizobaki ziondolewe, ndipo upande kwa hatua kama nilivyoeleza. Mkondo ukipita kwenye seli ambayo mmumunyo wake umesimama, shaba iliyo usoni itakwisha kwa muda mfupi na haidrojeni itaanza kutoka, na haidrojeni ndani ya jumba ni hatari ya mlipuko. Kiwanda kilichopangwa vizuri kina kifungio kinachozuia rektifaya kuwaka bila mtiririko. Usikubali kamwe kifungio hicho kifungwe waya ili "tuanze haraka." Mabamba yaliyokuwa selini wakati wa katizo refu yawekewe alama ya chaki, na yapimwe risasi peke yake maabarani, yasichanganywe na mengine.

Viungo na uchafu, kwa kifupi

Guari, ule unga wa mbegu unaolainisha uso wa shaba, hutiwa kwa gramu 200 hadi 250 kwa tani ya shaba. Ukorogwe kwenye maji hadi uvimbe kabisa, na utiwe kidogokidogo mchana na usiku, kwa sababu ndani ya asidi ya moto haudumu. Kumwaga dozi ya siku nzima asubuhi ni kuacha usiku bila kitu. Kloraidi ikae miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Ikizidi sana inachimba stenlesi na shaba inagoma kubanduka. Kobalti ya miligramu 100 hadi 200 kwa lita inalinda anodi. Kwingineko duniani wanainunua. Kwetu, kwa sababu ya wingi wake ardhini, huweza kuingia yenyewe ikibebwa na matone, lakini pima, usidhani.

Chuma kilichoyeyuka kinakula ampea kikienda na kurudi kati ya anodi na kathodi, kwa hiyo kila gramu inayoongezeka kwa lita inakata asilimia kadhaa za ufanisi. Lakini usikiondoe chote, kwa sababu ya manganizi. Madini yetu yana manganizi nyingi, na ikipanda kwenye anodi hadi kuwa pamanganeti inaunguza oganiki kule juu. Chuma kikiwa mara kumi ya manganizi, kinaizuia. Mmumunyo ukianza kugeuka waridi au zambarau kwenye chupa ya sampuli, simamisha kuurudisha kwenye oganiki siku hiyohiyo.

Na ukungu wa asidi: ampea zaidi ni oksijeni zaidi, na oksijeni ndiyo inayorusha asidi hewani. Inakula meno na mapafu ya watu. Kabla ya kupandisha kiwango, hakikisha mipira ya plastiki inafunika uso wa kila seli, feni zinavuta, na kila anayetembea juu ya seli ana barakoa ya asidi yenye kichujio kizima. Hili lisipotimia, swali la ampea lisifunguliwe.

Sasa, kama bado unataka kuongeza

Shaba inayoingia iko juu ya 40, inayotoka juu ya 35. Joto limetulia. Shoti ni chache na zinapungua zamu kwa zamu. Ufanisi uliopimwa mizanini umekaa juu ya asilimia 90 kwa mavuno mawili mfululizo. Hapo una haki ya kugusa kitufe.

Ongeza ampea 10 kwa mita ya mraba, si zaidi. Kwa seli yetu ni ampea 1,200, yaani 37,200 kwenye rektifaya. Ongeza guari kwa uwiano uleule wa tani, na ongeza mtiririko ili kushuka kwa shaba kubaki gramu 3.3. Kisha ngoja mzunguko kamili wa mavuno. Katika siku hizo saba utakuwa na dalili tatu za mapema: idadi ya shoti kwa kila seli 10, volti za seli, na bamba moja la kuchungulia unalolinyanyua siku ya tatu. Tazama theluthi yake ya chini na ukingo wake, ndiko kasi inakoharibika kwanza. Pitisha kidole chenye glavu: uso uwe kama msasa mwembamba, usikwaruze. Shoti zikiongezeka kwa nusu, rudi kwenye kiwango cha zamani siku hiyohiyo bila kungoja mizani.

Katika daftari la zamu andika ampea pamoja na idadi ya kathodi zilizokuwa ndani, kwa sababu ampea bila idadi haziambii zamu inayofuata kila bamba lilibeba nini. Andika pia saa kamili ya kila katizo la umeme, dakika lilizodumu, na kama rektifaya ya akiba ilishika. Wiki moja baadaye, maabara ikileta karatasi yenye risasi sehemu 7 kwa milioni, mtu atafungua ukurasa huo kabla ya kufungua mdomo.